Mchungaji Aliyefasiri Mawe

I.

Kurasa hizi zimezoea kuchukua habari za maneno, mithali na desturi, na huenda msomaji akastaajabu kukuta humu habari za mawe. Lakini jambo tulilokusudia kulieleza ni jambo la lugha. Twataka kuonyesha jinsi elimu moja ngumu, ile iitwayo jiolojia, yaani elimu ya mawe na udongo na kufanyika kwa nchi, ilivyokaribia kusahauliwa kwa sababu mtu aliyeiwekea msingi hakuweza kuieleza. Na jinsi ilivyookolewa na rafiki yake, aliyewahi kuwa mchungaji wa mtaa wa mashambani, ambaye hakuivumbua yeye, ila aliitia katika maneno ambayo watu waliweza kuyashika.

Sababu ya kuileta habari hii mbele ya waalimu na makasisi ni hii. Siku moja tuliingia katika darasa la watoto wakubwa, tukawakuta wameandika katika madaftari yao majina ya aina tatu za miamba, na wote waliweza kuyataja kwa sauti moja bila kukosea. Tukaokota jiwe mlangoni pa darasa lile lile, tukauliza ni la aina gani. Wakatazamana. Mtoto mmoja akajibu kwamba mawe ya kitabuni ni ya Ulaya, na hili ni jiwe tu. Mwalimu akainama, nasi tukaona haya pamoja naye, kwa maana tulikumbuka kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tukifundisha vivyo hivyo. Tangu siku ile tumeitafuta historia ya wale waliojaribu kuitoa elimu hii katika vitabu vya wataalamu na kuipeleka kwa watu wote, ili tuone walifanyaje.

II.

James Hutton alizaliwa Edinburgh, katika Uskoti, mwaka 1726. Alisomea uganga, akapata shahada yake katika chuo cha Leiden mwaka 1749, lakini kazi ya uganga hakuifanya. Alikwenda kulima shamba alilorithi kwa baba yake. Pamoja na rafiki mmoja alikuwa pia na kazi ya kutengeneza nushadiri kutokana na masizi ya makaa, na faida yake ikampa nafasi ya kutazama na kufikiri.

Katika kulima aliona jambo ambalo kila mkulima hulijua na wachache hulifikiri, ya kwamba mvua huuchukua udongo wa shamba na kuutia katika kijito, kijito huutia katika mto, na mto huutia baharini. Hapa kwetu, atazamaye bahari ya Malindi wakati wa mvua huyaona maji mekundu ya mto Sabaki yakiingia katika maji ya bahari. Wekundu ule ni mashamba ya bara. Basi Hutton akajiuliza: ikiwa nchi huliwa hivi kila mwaka, na milima nayo huvunjika ikawa udongo, mbona nchi kavu haijakwisha?

Akajibu kwamba mchanga na tope vishukavyo katika vilindi vya bahari hulala tabaka juu ya tabaka, hushikamana na kuwa jiwe, kisha joto lililo chini ya ardhi huyainua matabaka hayo yakawa nchi kavu tena, nayo mvua huanza kuyala upya. Mawe mengine, kama itale, hayakutua majini kamwe, bali yalipanda kutoka chini yakiwa yameyeyuka, yakapenya katika nyufa za mawe yaliyotangulia na kupoa humo. Na kwa kuwa kazi hii yote huenda polepole, muda wake hauna budi kuwa mrefu kupita hesabu zote zilizokuwa zikikubaliwa wakati ule.

Maneno hayo yalisomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Edinburgh katika mwezi wa Machi na Aprili wa mwaka 1785. Mara ya kwanza Hutton alikuwa mgonjwa, na rafiki yake Joseph Black akamsomea. Mwaka ule ule Hutton alikwenda katika bonde la Glen Tilt kutafuta ushahidi, akaikuta mishipa ya itale nyekundu imepenya ndani ya mawe mengine yaliyo meusi, ishara ya kwamba itale ilipita hapo ikiwa maji ya moto. Alipaza sauti kwa furaha kubwa, hata wale waliomwongoza njia wakadhani amegundua fedha au dhahabu.

Mwaka 1788 alipanda mashua pamoja na Sir James Hall na John Playfair, wakafuata pwani ya mashariki ya Uskoti mpaka mahali paitwapo Siccar Point. Walichokiona hapo twaweza kukieleza kwa mikeka. Mtu atandike mikeka mingi, mmoja juu ya mwingine. Kisha aisukume kutoka pande mbili hata ijikunje na kusimama wima. Kisha achukue kisu akate vichwa vya mikunjo ile mpaka pawe sawa. Kisha atandike juu yake mikeka mipya, myekundu, iliyolala. Hivyo ndivyo ilivyo Siccar Point. Chini kuna matabaka ya kijivu yaliyosimama wima, na juu yake matabaka mekundu ya mawe ya mchanga yaliyolala yakiinama kidogo tu. Na ndani ya yale mekundu, upande wa chini, vimo vipande vilivyovunjika vya yale ya kijivu. Basi kila tendo la yule mtandika mikeka lataka muda wake. Tope litue baharini, ligeuke jiwe, likunjwe, liinuliwe, likatwe na mvua na mawimbi, lizame tena, na mchanga mpya utue juu yake. Wataalamu wa leo hukadiria kwamba kati ya matabaka ya chini na yale ya juu palipita miaka kama milioni 65. Hutton hakuwa na hesabu hiyo, lakini alifahamu kwamba ni muda usiopimika kwa vizazi vya watu. Playfair aliandika baadaye kwamba, alipokuwa akimsikiliza Hutton pale, akili yake iliona kizunguzungu kama ya mtu achunguliaye shimo lisilo na mwisho.

III.

Mtu angedhani kwamba elimu iliyoshuhudiwa namna hii ingepokewa mara moja. Haikupokewa, na sababu mojawapo ilikuwa maandishi ya Hutton mwenyewe. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1795 katika mabuku mawili yenye kurasa zaidi ya elfu moja. Sentensi zake ni ndefu na zimefungamana. Jambo moja hurudiwa mara nyingi kwa maneno mapya bila kuongezeka nuru. Na kurasa nyingi ni maandishi ya Kifaransa yaliyonakiliwa bila kufasiriwa. Sehemu iliyosalia katika mwandiko wake haikupigwa chapa mpaka mwaka 1899. Wale waliomjua Hutton walisema kwamba katika mazungumzo alikuwa mchangamfu na mwepesi wa kueleweka. Lakini aliposhika kalamu, nuru ile ilizimika. Watu wengi wa zama zake waliyajua mawazo yake kwa kuyasikia kwa wengine, na mara nyingi waliyasikia kwa adui zake.

Na adui walikuwapo. Richard Kirwan wa Dublin aliandika mwaka 1793 kwamba mafundisho haya yanavunja imani, kwa kuwa yanaifanya dunia kuwa haina mwanzo. Ikumbukwe kwamba mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh alikuwa ameandika hesabu iliyoweka kuumbwa kwa ulimwengu katika mwaka wa 4004 kabla ya Kristo, na tarehe zake zilipigwa chapa pembeni mwa Biblia nyingi za Kiingereza katika karne ya 18, hata wasomaji wengi wasiweze kutenga maneno ya Maandiko na maneno ya pembeni. Hutton hakusema kwamba dunia haina mwanzo. Alisema kwamba katika mawe aliyoyachunguza hakuiona alama ya mwanzo huo. Kati ya maneno hayo mawili pana tofauti kubwa, lakini kwa msomaji aliyechoshwa na sentensi ndefu tofauti hiyo ilipotea. Playfair asimulia kwamba siku iliyofuata ile aliyoletewa maandishi ya Kirwan, Hutton alianza kuupitia mwandiko wake kwa ajili ya kuupiga chapa. Alitaka kujibu. Lakini jibu lake lilikuwa gumu kusomeka kuliko mashtaka.

Wakati huo huo, huko Freiberg katika Ujerumani, alikuwako Abraham Gottlob Werner, aliyefundisha katika chuo cha madini tangu mwaka 1775. Huyu aliandika kidogo sana, lakini kwa kusema hakuwa na mfano. Wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi za Ulaya, wakarudi kwao wakiyajua majina ya mawe kwa mpango mzuri. Werner alifundisha kwamba karibu mawe yote, hata yale meusi yaitwayo basalti, yalitua kutoka katika maji ya bahari moja iliyofunika dunia yote. Katika mpango wa matabaka aliwafunza watu mengi mema; katika habari za basalti na itale alikosea. Lakini kosa lake lilikuwa rahisi kufahamika. Mwanafunzi wake Robert Jameson alipewa uprofesa Edinburgh mwaka 1804, katika mji wa Hutton mwenyewe, na kwa miaka mingi vijana wa mji ule walifundishwa maneno ya Freiberg.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yetu. Hutton alikuwa na ushahidi, naye Werner alikuwa na ulimi, na kwa muda ulimi ulishinda. Sisi tufundishao twapenda kudhani kwamba ukweli hujitembeza wenyewe, na kwamba kueleza vizuri ni pambo tu la kazi. Habari za Edinburgh zatuonyesha kwamba ukweli ulioelezwa vibaya waweza kukaa chini ya kosa lililoelezwa vizuri kwa kizazi kizima.

IV.

Hutton alifariki mwaka 1797. John Playfair alikuwa na umri wa miaka 49. Alizaliwa mwaka 1748 huko Benvie karibu na Dundee, mwana wa mchungaji. Baba yake alipofariki, yeye alishika mtaa ule ule wa Liff na Benvie, akauhudumia kwa miaka kama kumi. Kisha aliuacha ili awe mwalimu wa vijana wa nyumba moja, na mwaka 1785 akawa profesa wa hesabu Edinburgh. Basi alikuwa amezoea kazi mbili, ya kuhubiri kwa wakulima na ya kuthibitisha jambo hatua kwa hatua mbele ya wanafunzi wa hesabu. Kazi hizo mbili zilikutana katika kitabu alichokitoa mwaka 1802, miaka mitano baada ya kufa kwa rafiki yake, kiitwacho Illustrations of the Huttonian Theory of the Earth, yaani maelezo ya mafundisho ya Hutton juu ya dunia.

Twaona inafaa kutazama alivyofanya, kwa maana si kazi ya kufupisha tu.

Kwanza, alibadili mpango. Sehemu ya mbele ya kitabu yasimulia mafundisho yote kwa mfululizo, bila kusimama kubishana na mtu. Mabishano, ushahidi wa ziada na habari za safari aliziweka nyuma katika maelezo marefu, kila jambo mahali pake. Hivyo msomaji wa kawaida aweza kusoma sehemu ya kwanza na kuondoka na fahamu kamili, na mwenye kutaka kupima zaidi aweza kwenda nyuma.

Pili, alianza na kitu kionekanacho, kisha akaingia katika kisichoonekana. Chukua hoja yake ya mito, ambayo wataalamu wameipa jina lake mpaka leo. Mtu asimame mahali kijito kinapoingia katika mto mkubwa. Ataona kwamba mto mkubwa una bonde kubwa na kijito kina bonde dogo, tena kwamba sakafu za mabonde hayo mawili hukutana usawa mmoja, bila kijito kuanguka kutoka juu kama maji ya paa. Apande zaidi, atakuta vijito vidogo zaidi vimefanya vivyo hivyo. Ikiwa mabonde yalifanyika kwa ghafula, na mito ikaingia humo baadaye kama mgeni aingiavyo katika nyumba iliyojengwa na mwingine, ulinganifu huo ungekuwa ajabu isiyoelezeka. Lakini ikiwa kila maji yamejichimbia bonde lake, ajabu inakwisha. Penye kasoro, kama katika nchi ambazo barafu ilichimba mabonde, kasoro yenyewe ina sababu yake. Hoja hii haihitaji chombo wala neno la kigeni. Mchungaji aweza kuipima anapotoka kuzuru wagonjwa.

Tatu, hakuuficha ugumu. Hoja za wapinzani aliziandika, akazijibu moja moja. Katika swali la mwanzo wa dunia alieleza kwa maneno yasiyo na pindo kwamba kutokuiona alama ya mwanzo katika mawe si kukana kwamba mwanzo ulikuwapo, na kwamba Muumba hakubanwa kuziandika siku zake zote mahali tuwezapo kuzisoma. Aliutaja muda mrefu kwa urefu wake. Hakuupunguza ili kuwaridhisha waoga, wala hakuutumia kuwakejeli waumini.

Walakini haki yatutaka tuseme kwamba kila mfasiri hupoteza kitu. Hutton alirudia mara nyingi kwamba dunia imepangwa kwa hekima ili viumbe wapate kukaa, na kwamba hata kule kuliwa kwa milima ni rehema, kwa kuwa bila hiyo tusingepata udongo wa kulima. Katika kitabu cha Playfair sauti hiyo yasikika kwa mbali zaidi. Wasomaji waliomjua Hutton kwa njia ya Playfair walimjua mtu aliyenyooka kuliko alivyokuwa. Lakini wangepata nini bila Playfair? Charles Lyell, ambaye alizaliwa mwaka ule ule aliokufa Hutton, alijenga juu ya msingi huu alipotoa kitabu chake kikubwa cha jiolojia katika miaka ya 1830 hadi 1833. Na kijana Charles Darwin aliondoka Uingereza mwishoni mwa 1831 akiwa na buku la kwanza la Lyell katika jahazi. Mnyororo huo una pete moja iliyofuliwa na yule aliyekuwa mchungaji wa Benvie.

V.

Mwaka ule ule wa 1802, kitabu cha Playfair kilipotoka, alizaliwa Cromarty, kaskazini mwa Uskoti, mtoto aitwaye Hugh Miller. Baba yake, nahodha, alipotea baharini mwaka 1807. Kijana huyu hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1820 aliingia kazi ya uashi, na siku zake za kwanza zilikuwa katika chimbo la mawe. Humo, baada ya kuondoa bamba kubwa la jiwe, aliona chini yake uso wa mwamba umejaa mistari ya mawimbi, kama ile iachwayo mchangani maji yakupwapo. Kila mtoto wa pwani aijua mistari hiyo. Miller naye aliijua, kwa kuwa alikulia ufukoni; basi hakuhitaji profesa kumwambia kwamba mwamba ule ulikuwa ufuko.

Baadaye alihamia Edinburgh akawa mhariri wa gazeti la wenzake wa kanisa, The Witness, na humo alianza kuandika habari za yale mawe mekundu ya mchanga, jamaa ya yale yaliyolala juu huko Siccar Point. Mwaka 1841 yakawa kitabu, The Old Red Sandstone. Kitabu hicho chaanza kwa kuwasemesha vijana wafanyao kazi za mikono, kuwaambia kwamba macho yao yaweza kuwa chuo. Miller aliwaeleza samaki wa kale waliogeuka jiwe, mmoja wao mwenye mikono kama mabawa, aliyepewa na Louis Agassiz jina lenye kumkumbuka Miller. Si kila hukumu yake imesimama. Juu ya kufuatana kwa viumbe alipinga mengi ambayo wataalamu waliyakubali baadaye. Lakini waashi walimsoma, kwa sababu aliandika kama mtu aliyeshika nyundo.

Mwaka 1868 Thomas Henry Huxley alisimama mbele ya wafanya kazi wa mji wa Norwich, akatwaa kipande cha chaki, kama kile achukuacho seremala mfukoni, akaeleza kwa muda wa hotuba moja jinsi chaki ile ilivyo makaburi ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa na kutua katika vilindi vya bahari mahali ambapo sasa pamejengwa mji wao. Mwalimu asomaye maneno haya hushika chaki kila siku. Twamwonya tu kwamba vijiti vingi vya chaki vya siku hizi hufanywa kwa jasi, asije akawaonyesha watoto makaburi yasiyo na maiti.

VI.

Sasa na turudi kwetu. Mwaka 1893 John Walter Gregory alisafiri katika nchi ambayo sasa ni Kenya, akafika Baringo na mlima Kenya, na mwaka 1896 akatoa kitabu kilicholieneza jina la lile bonde refu ambalo kwa Kiswahili twaliita Bonde la Ufa. Alionyesha kwamba bonde hilo halikuchimbwa na mto. Nchi ilipasuka kwa mistari miwili iendayo sambamba, na kipande cha katikati kikashuka. Mfano wa karibu ni tofali la katikati katika safu ya matofali; walio pembeni wakivutwa kando kidogo, la katikati huteremka.

Neno ufa ni neno zuri, kwa maana ni la nyumbani. Wote twajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini neno la nyumbani huja na picha yake, na picha ya ufa ni mwanya mwembamba unaotishia kuiangusha nyumba leo au kesho. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha zilienea duniani, na pamoja nazo habari kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Watu wakaogopa. Wataalamu wengi wakaeleza kwamba udongo wa mahali pale ni majivu ya volkano yasiyoshikamana, ambayo maji yalikuwa yakiyachimba chinichini hata juu pakaporomoka. Ni kweli kwamba pande za Bonde la Ufa huachana, lakini ni kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ukucha wa kidole hukua zaidi ya hapo. Wangeambiwa habari ya ukucha mapema, wengi wangelala usingizi. Hatusemi kwamba neno libadilishwe. Twasema kwamba neno jepesi halimalizi kazi, na mwalimu alitumiaye hana budi kuonyesha mahali linapofaa na mahali linapopotosha.

Maneno mengine ya Kiswahili yasaidia bila hatari. Mawe yaliyotua majini huitwa na wengine miamba ya mashapo. Mashapo kila mtu ayajua, ni yale yabakiayo chini ya kikombe. Mpe mtoto chupa ya maji ya mto wa masika, aiache mezani hata asubuhi. Ataona kokoto ndogo zimetangulia, mchanga umefuata, na tope laini limelala juu. Hapo ameona mwanzo wa mwamba, na neno limekuwa lake.

Na watu wa pwani wakaa juu ya kitabu kilichofunguliwa. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ulikuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Mwashi achongaye jiwe la matumbawe huona ndani yake makombe na nyumba za viumbe vya bahari, ambavyo vitabu vya sasa huviita visukuku. Huvunja jiwe hilo, huliunguza tanurini, hupata chokaa, na kwa chokaa hiyo huyaunganisha mawe mengine ya matumbawe. Yeye ni ndugu wa Hugh Miller, ila hajaambiwa.

VII.

Kutokana na habari hizi twaona mambo matatu ambayo mwalimu aweza kuyashika. La kwanza, aanze na jiwe lililo mlangoni, na jina la kitabuni lifuate. La pili, mfano wa nyumbani auchague kwa uangalifu, na aseme waziwazi unakoishia. La tatu, asipunguze jambo lenyewe kwa hofu ya kwamba wasikilizaji hawataliweza. Dunia ina umri wa miaka kama milioni 4,540. Hesabu hii haikujulikana vema mpaka katikati ya karne ya 20, na mtoto wa kijijini ana haki ya kuisikia kama mtoto wa mjini. Kasisi aionaye hesabu hiyo kuwa nzito amkumbuke Playfair, aliyeuchungulia muda ule akashikwa na kizunguzungu, lakini hakuyafumba macho.

Mwisho, twawaomba wasomaji wetu msaada. Katika kila kabila yako maneno ya mawe na udongo ambayo hayajaandikwa. Mfinyanzi hujua udongo ushikao na udongo upasukao katika moto. Mwanamke achaguaye mafiga hujua jiwe litakalovumilia na jiwe litakaloruka vipande. Wako wajuao jiwe la kusagia, jiwe la kunolea, udongo mwekundu wa kupaka na udongo uliwao na wenye mimba. Majina haya yana elimu ndani yake, na wenye kuyajua ni wazee. Yeyote atakayeyakusanya mtaani kwake, jina pamoja na matumizi, na ikiwezekana pamoja na kipande kidogo cha jiwe lenyewe, atawapa waalimu wanaokuja msamiati wa kweli wa kufundishia elimu hii. Nasi tutakaporudi katika darasa lile, twatumaini kumpata mtoto atakayetuambia jiwe la mlangoni laitwaje kwao, kisha twende naye kutoka hapo.